Siku sita za mafunzo ya uongozi kwa vijana, Lindi mjini: tathmini ya mwalimu mlezi

Tangu niliporejea kutoka Lindi mjini mwishoni mwa Oktoba, wazazi wa kata yetu na walimu wenzangu wa upande wa Mtama na Nyangao wamekuwa wakiniuliza swali moja: yale mafunzo ya uongozi kwa vijana yanafaa, na mtu akipata nafasi nyingine ampeleke mwanawe? Niliwasindikiza vijana watatu wa kata yetu, wasichana wawili na mvulana mmoja, nikakaa nao siku zote sita nikiwa mwalimu mlezi, na nikasikiliza kila kipindi kuanzia cha asubuhi hadi cha jioni. Somo la Uraia nimelifundisha kwa miaka 14, kwa hiyo nilikwenda na kipimo changu. Jibu langu ni kwamba mafunzo yanafaa, na kwa jambo moja nitakalolieleza kwa urefu yanafaa kuliko chochote nilichowahi kukiona darasani kwangu. Lakini yana kasoro ambazo mzazi hana budi kuzijua kabla ya kumruhusu mtoto kuondoka nyumbani. Jina la asasi iliyoyaandaa silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu nimewapelekea wenyewe kwa barua na bado tunaandikiana.

Washiriki walikuwa 34, wenye umri wa miaka 16 hadi 24, waliotoka Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Lindi vijijini, na wengine kutoka Newala na Tandahimba mkoani Mtwara. Ada haikuwapo. Barua ya mwaliko ilisema kuwa lengo ni kukuza uongozi wa vijana wa jamii za asili kwa njia ya elimu ya haki. Maneno hayo yana maana mahususi. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu elimu na mafunzo ya haki za binadamu, lililopitishwa tarehe 19 Desemba 2011, linaigawa elimu hiyo katika sehemu tatu: kuzijua haki zenyewe, kufundishwa kwa namna inayoziheshimu haki za anayefundisha na anayefundishwa, na kuwezeshwa kuzitumia haki hizo na kuzitetea za wengine. Shuleni sisi huishia kwenye sehemu ya kwanza. Mwanafunzi hukariri orodha ya haki, huijibu kwenye mtihani, kisha hurudi kijijini ambako hajawahi hata siku moja kusimama na kuuliza jambo katika mkutano. Nilitaka kuona kama hawa wangefika hadi sehemu ya tatu.

Asubuhi ya kwanza mwezeshaji, dada mmoja mwenye sauti ya utulivu, aliuliza ni nani humu ndani aliye mtu wa jamii ya asili, na karibu wote wakanyosha mikono: Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamachinga. Hapo ndipo alipoanza kueleza jambo ambalo wengi tulikuwa hatujalisikia likielezwa vizuri. Serikali yetu msimamo wake ni kwamba Waafrika wote wa Tanzania ni wenyeji wa asili wa nchi hii, na kwa maana ya kawaida ya maneno hilo halina ubishi. Lakini katika sheria za kimataifa, na katika kazi ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, neno hilo linazielekea hasa jamii ambazo maisha na utamaduni wake vimefungamana na ardhi fulani, zinazojitambua hivyo zenyewe, na ambazo zimeachwa pembezoni na mfumo wa maendeleo uliowekwa bila wao. Kwa Tanzania hutajwa zaidi Wahadzabe, Waakie, Wamaasai na Wabarbaig. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizounga mkono, huku nchi 4 zikipinga na 11 zikijizuia kupiga kura. Mwezeshaji hakumlazimisha mtu kuchagua upande. Alisema kuwa katika siku zile sita kila mmoja angejifunza kutoka katika haki za jamii yake mwenyewe na za jirani yake.

Jirani huyo alikuwamo ukumbini. Miongoni mwa waliotoka Kilwa alikuwapo kijana wa Kibarbaig, mrefu, mkimya, aliyeketi karibu na mlango. Ilipofika zamu ya kujitambulisha, mshiriki mmoja akamtangulia kwa kusema, bila ubaya wowote, "Huyu ni Mmang'ati." Yule kijana akasimama, akawasalimu wote, akasema kuwa yeye ni Mbarbaig, na kwamba jina lile walipewa na watu waliokuwa wakipigana nao na maana yake ni adui. Aliongeza kuwa angependa aitwe kwa jina la kabila lake, akaketi. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha aliyemwita vile akasema, "Samahani, ndugu yangu, sikujua." Mimi mwenyewe nimelitumia jina hilo mbele ya wanafunzi kwa miaka yote hii, na wala sikuwahi kuuliza linatoka wapi. Nimeacha.

Wasomaji wa nje ya mikoa yetu huenda wasijue Wabarbaig wamefikaje kusini. Wengi wa wafugaji walioondolewa katika eneo la Ihefu, bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, wakaja na mifugo yao katika nchi ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi ambao hawakuwa na mazoea ya kuishi na ng'ombe. Kabla ya hapo, huko Hanang, malisho yao mengi yalikuwa yamegeuzwa mashamba makubwa ya ngano. Kwa hiyo kijana yule, ambaye kwa maneno ya kimataifa ndiye mtu wa jamii ya asili, hapa Lindi anaitwa mgeni. Na Mmwera aliyezaliwa hapa anajiona mwenyeji ambaye ardhi yake inaingiliwa. Mafunzo ambayo yangelikwepa jambo hilo yangekuwa bure kabisa kwa vijana wetu. Haya hayakulikwepa, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuyasifu.

Siku ya tatu na ya nne zilitengwa kwa zoezi moja, mkutano mkuu wa kijiji wa kuigiza. Kila mshiriki alipewa nakala ya Kiswahili ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, wakasoma vifungu kwa sauti, kimoja baada ya kingine, huku wakisimamishwa kila walipofika kwenye neno gumu. Kisha wakagawana nafasi: mwenyekiti, mtendaji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na waliobaki wakawa wananchi. Jambo lililoletwa mezani lilikuwa ombi la mwekezaji anayetaka hekta 240 za ardhi ya kijiji kwa ajili ya shamba kubwa.

Mwenyekiti wa kuigiza, mvulana wa Tandahimba mwenye kipaji cha kusema, aliendesha mkutano kama alivyoona ukiendeshwa kwao. Alisoma ombi haraka, akasifu ajira zitakazopatikana, akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo," na wengi wakasema ndiyo. Yote yalikwisha katika muda wa dakika saba. Mwezeshaji hakumkosoa. Aliwaambia tu wafungue kifungu cha 4 na cha 8, wasome tena, kisha wautathmini mkutano wao wenyewe. Hapo ukumbi ulichangamka. Waligundua kwamba halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwamba ardhi ya kijiji inapohamishwa, kama haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa, na ikizidi hapo Waziri ndiye anayeamua baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Binti mmoja kutoka tambarare ya Rondo, ambaye kwa siku mbili nzima hakuwa amefungua kinywa, akauliza: "Na huyu mwekezaji akiomba 240 mwaka huu, mwakani akaomba nyingine 240, tutakuwa tumempa ngapi, na nani atakuwa amezihesabu?" Hakuna mwezeshaji aliyemwandalia swali lile. Lilitoka kwenye karatasi aliyokuwa ameishika na kichwa alichozaliwa nacho, na kuanzia hapo hakukaa kimya tena hadi siku ya mwisho.

Mkutano ukarudiwa upya. Safari hii yule kijana wa Kibarbaig akanyosha mkono na kuuliza kama mtu anayeishi kitongoji cha wafugaji ni mwananchi wa kijiji hiki au la. Mmoja akamjibu kuwa wao wamekuja juzi tu. Msichana wa Nachingwea akasimama kwa hasira ya kweli, wala hakuwa akiigiza, akaeleza jinsi mbaazi za mama yake zilivyoliwa na ng'ombe usiku mmoja, mama akakosa mavuno ya mwaka mzima na fidia hakuiona. Kijana akamsikiliza hadi mwisho. Akasema kuwa anamwamini, kwamba hata yeye aliwahi kupigwa kwa sababu ya ng'ombe ambao hawakuwa wa kwao, na kwamba kijijini kwao hakuna njia ya mifugo kwenda mtoni isiyopita shambani kwa mtu. Wote wawili walikuwa wakitetemeka. Mimi nilitamani mwezeshaji aingilie, kwa mazoea yetu ya walimu ya kuzima moto mapema. Yeye alisubiri. Halafu akawauliza wananchi wa mkutano: sheria inasema nani ni mjumbe wa mkutano mkuu? Wakatafuta, wakakuta kwamba ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18. Mkazi, basi. Halikuwapo neno lolote kuhusu kabila wala mwaka aliofika. Kisha akawauliza malalamiko yale mawili yangeandikwaje kama agenda, na baada ya nusu saa ya kuandika na kufuta, bango kitita likawa na mstari mmoja walioukubali wote: kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji utakaoonesha mashamba, malisho, njia za mifugo na mahali pa kunyweshea. Mpango wa namna hiyo una sheria yake, ya mwaka 2007, na vijana wakaonyeshwa mahali ilipo.

Nimeueleza mkutano ule kwa urefu kwa sababu ndio mafunzo yenyewe. Kijana ambaye amewahi kutambua kwa macho yake kwamba ameidhinisha jambo asilolisoma, akarudi nyuma na kulisoma, amepata kitu ambacho hotuba ya saa nzima kuhusu uongozi bora haimpi. Vipindi vingine vyote nilivipima kwa huo.

Kipindi cha makato ya korosho kilikaribia ubora ule. Kila aliyeweza alikuwa ameombwa aje na stakabadhi ya malipo ya mzazi wake, na vijana wakaketi wawili wawili kusoma mstari kwa mstari: kilo, bei ya mnada, ushuru, makato ya chama cha msingi cha ushirika, gharama za ghala. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani, akapewa stakabadhi na zikauzwa kwa mnada, umekuwapo Mtwara tangu 2007, na bado ni wachache nyumbani wanaoweza kueleza kila shilingi imekwenda wapi. Walisomewa ibara ya 18 ya Katiba, inayompa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa maisha na shughuli zake, na ibara ya 21 kuhusu kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Mvulana wetu alitoka pale na maswali manne aliyoyaandika nyuma ya stakabadhi ya baba yake. Nilimshauri amwonyeshe baba kwanza, kabla ya kwenda kwa katibu wa chama, naye akakubali.

Kesi ya Waogiek, jamii ya asili ya Kenya, iliwagusa kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha na wengi hawakujua kwamba mahakama hiyo iko hapa nchini. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, ikiwa ni pamoja na haki ya ardhi, utamaduni na dini. Na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia, shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine. Kilichowavutia vijana hasa ni hoja kwamba msitu ulikuwa ni mahali pao pa ibada na shule ya watoto wao, kwa sababu hata huku kwetu kuna misitu ambayo mtu haingii hivi hivi. Aliyefundisha kesi hiyo, hata hivyo, alizungumza mno na kuuliza kidogo.

Sasa nije kwenye kosa lililoniudhi. Siku ya pili tuligawiwa kitini kuhusu wanawake na ardhi kilichosema, kana kwamba ni jambo la Tanzania nzima, kwamba kwa mila mwanamke harithi ardhi ya ukoo, na kikataja tamko la sheria za mila la mwaka 1963. Tamko hilo lilitungwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Huku mjomba ana neno zito kuliko baba, na mashamba mengi hupita upande wa mama. Binti mmoja wa kata yetu alinyosha mkono akasema, kwa adabu, "Samahani mwalimu, shamba letu ni la bibi mzaa mama, na mama ndiye aliyelipokea." Aliyefundisha alimjibu kuwa hizo ni mila za pekee na akaendelea na ukurasa uliofuata. Hapakuwa na haja ya kuharakisha. Kama angesimama hapo, vijana wangejifunza mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja: kwamba mila si kitu kimoja, na kwamba hata katika ukoo wa mama mwanamke anaweza kuwa mwenye shamba huku mjomba ndiye anayeamua kuliuza. Huko ndiko mabinti wetu wanakoonewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatamka usawa wa mwanamke katika kumiliki na kutumia ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Vifungu hivyo vingewasaidia mabinti wa kusini kama vingeunganishwa na maisha ya kusini. Elimu ya haki inayofundishwa kwa mfano wa jamii nyingine humfanya mtoto afikiri kwamba haki hazimhusu yeye. Nimewaandikia waandaaji kwamba kitini hicho kiandikwe upya na mtu anayeijua Lindi na Mtwara.

Katika suala la unyago, kinyume chake, walifanya kwa heshima na akili. Walimwalika kungwi mmoja, bibi mtu mzima kutoka upande wetu wa Mtama, wasichana wakamsalimia shikamoo kwa kupiga goti, naye akazungumza nao kwa muda wa saa moja. Alianza kwa kusema kuwa ya ndani hayasemwi mbele ya watu, na hakuna aliyemshurutisha. Akaeleza alichofundishwa yeye: kuheshimu mwili wake, kusimama mbele ya wakubwa bila kutetemeka, kuimba jambo gumu ambalo haliwezi kusemwa. Nikiri kwamba sikuwahi kuufikiria unyago kama shule ya kwanza ya uongozi kwa wasichana wetu hadi bibi yule aliposema hayo. Kisha mabinti wakamwuliza kuhusu watoto wanaopelekwa wakiwa wadogo sana, na kuhusu ngoma zinazochezwa wakati shule imefunguliwa, na wengine hawarudi darasani tena. Bibi hakukasirika. Alisema kuwa zamani mtoto alisubiriwa hadi akili yake ikue, na kwamba wanaoharakisha wanafuata sherehe na zawadi. Mwezeshaji akawasomea kifungu cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na mazungumzo yakaendelea hadi chakula cha mchana kikapoa. Walitajiwa pia Rebeca Gyumi, mwanamke kijana aliyefungua kesi ya kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Mabinti walitaka kujua alikuwa na umri gani na nani alimlipia nauli ya kwenda mahakamani. Nilipenda swali hilo la nauli.

Gesi waliigusa kwa ncha ya kidole. Vijana waliotoka Mtwara walikuwa watoto wadogo mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la kwenda Dar es Salaam, na wana mengi waliyoyasikia nyumbani. Wale wa Lindi wanalifahamu eneo la Likong'o lililotengwa kwa mradi wa kusindika gesi. Swali lilipoulizwa kuhusu kushirikishwa kwa wananchi kabla ya mradi mkubwa kuanza, waliambiwa kuwa lingejibiwa baadaye, na baadaye haikufika. Naelewa kwamba asasi ina hofu zake. Lakini ibara ya 32 ya lile azimio la 2007, inayotaka jamii ziridhie kwa hiari, mapema na zikiwa na taarifa kamili kabla ya mradi unaogusa ardhi yao, ilikuwa imeandikwa ukutani kwa wino mzito, na vijana wakaiona imebaki ukutani.

Kuhusu huduma nyingine: malazi yalikuwa katika nyumba ya wageni si mbali na pwani, safi, wasichana ghorofa ya juu na wavulana ya chini, na mama mlezi mmoja alilala upande wa wasichana usiku wote. Hilo mzazi asiwe na wasiwasi nalo. Chakula kilitosha: wali, ugali, samaki, mboga za majani na kunde, na siku moja walitupikia ming'oko, ile mizizi ya porini, wavulana wa Newala wakashangilia. Nauli ndiyo iliyoleta shida. Tuliahidiwa kurejeshewa siku ya mwisho, ikaja baada ya wiki tatu, na mzazi mmoja alikuwa ameikopa. Nusu ya vitini ilikuwa kwa Kiingereza, jambo lisilo na udhuru katika mafunzo yanayozungumzia haki ya watu kufundishwa kwa lugha yao. Na muda waliouchagua, Oktoba, ni wakati ambao huku kila mkono wa nyumbani unaokota korosho. Vijana wanne walioalikwa kutoka kata yetu na kata jirani hawakuja kwa sababu hiyo tu, na wote wanne ni wa familia zisizo na uwezo wa kuajiri kibarua. Waliohitaji zaidi ndio walioachwa. Niliwashauri waandaaji wafanye Machi au Aprili, mashamba yakiwa yanasubiri mavuno, na wawaandikie wazazi barua mapema kupitia kwa watendaji.

Kwa mizani ya mwalimu, mkutano wa kijiji ningeupa alama 95, kipindi cha kungwi 90, makato ya korosho 80, na kitini cha wanawake na ardhi 30. Ufuatiliaji siwezi kuupa alama bado. Waliahidi kurudi baada ya miezi mitatu kuwaona vijana vijijini mwao, na huko ndiko itakakojulikana kama ile sehemu ya tatu ya elimu ya haki imefikiwa. Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe awamu ijayo aulize mambo matatu kabla ya kukubali: nauli italipwa lini, vitini ni vya lugha gani, na ni nani atakayekuja kijijini baada ya mafunzo.

Binti wa kata yetu, yule aliyesema shamba ni la bibi yake, hakuisubiri miezi mitatu. Wiki ya pili baada ya kurudi alikwenda ofisi ya kijiji akaomba kuonyeshwa muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba mkutano huo hukaa kila baada ya miezi mitatu na kwamba taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Mtendaji alimwambia aje Alhamisi. Alhamisi alikuta ofisi imefungwa, akarudi Ijumaa na mama yake. Mtendaji akalitoa daftari kabatini, akalipangusa vumbi, akampa binti kiti. Alisoma kurasa sita akiwa ameketi pale pale, mama yake akisubiri mlangoni, na alipomaliza akamwuliza mtendaji, kwa heshima zote, kwa nini kati ya majina 61 ya waliohudhuria majina ya wanawake ni 4, ilhali siku hiyo yeye na mama yake na shangazi zake walikuwapo. Mtendaji alilitazama daftari kwa muda, kisha akamwomba amtajie majina, akachukua kalamu.